Majini na nchi kavu: shajara ya mazoezi ya wazee wenye kisukari, Tanga

Januari. Makundi mawili

Mradi wetu una makundi mawili ya wazee wenye kisukari cha aina ya 2, wote wamevuka miaka 60. Kundi moja linafanya mazoezi baharini, Raskazone. Jingine linafanya nchi kavu, kwenye kona ya viwanja vya Tangamano. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nasaidiana na muuguzi mstaafu, mama mwenye mkono mwepesi wa kutoboa kidole, pamoja na kijana mwogeleaji anayesimama na wanaume wakiwa majini. Shajara hii nawaandikia wenzetu wa miji mingine ya pwani, maana kila anayesikia habari zetu anauliza swali lilelile: kipi kinashusha sukari zaidi, maji au nchi kavu?

Kwa sukari peke yake jibu lipo tayari, na si sisi tuliolipata. Mwaka 2016 watafiti wa Porto Alegre, Brazil, walichapisha matokeo ya wagonjwa waliogawanywa kwa kura, wengine majini na wengine nchi kavu, dakika 45 mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, ilishuka pande zote mbili kwa kiasi kinachokaribiana. Uchambuzi uliokusanya majaribio kadhaa ukatoka mwaka 2017 na kusema vivyo hivyo: mazoezi ya majini yanamsaidia mtu kuliko kukaa bure, lakini hayayazidi ya nchi kavu. Msuli ukifanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini imelegea, na nafuu hiyo hubaki mwilini saa 24, pengine hadi 72, baada ya zoezi kwisha. Hizo saa 72 zikumbukwe, nitazirudia.

Kwa hiyo mimi sitafuti mshindi. Ninachotaka kujua ni nani ataweza kuendelea mwezi wa sita, na kwa nini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu wazima 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Wale wa umri wa juu wakati ule ndio wazee wangu wa leo, na ushauri wanaoondoka nao kliniki karibu wote ni neno moja: tembea. Sasa mama wa kilo 90 mwenye magoti yaliyokwisha, akitembea kutoka Makorora hadi sokoni na kurudi, siku mbili zinazofuata anakandwa maji ya moto. Huyo tukimwambia tembea, tumemwambia nini?

Januari, mwishoni. Miguu kwanza

Hakuna anayepangiwa kundi kabla ya kukaguliwa miguu. Tunatumia uzi wa nailoni unaojikunja msukumo ukifika gramu 10. Mgonjwa anafumba macho, unamgusa nyayoni sehemu kadhaa, naye anasema "hapo" kila anapohisi.

Mzee mmoja wa Chuda, fundi cherehani aliyeshona sare za shule maisha yake yote, alikaa, akanyoosha mguu, akafumba macho. Nikagusa kidole gumba. Nikagusa chini ya kidole cha mwisho. Nikagusa katikati, uzi ukajikunja mbele ya macho ya mkewe.

"Anza basi, mwanangu," akaniambia. "Mimi niko tayari."

Mkewe akaziba mdomo kwa pindo la kanga.

Mguu uliokufa ganzi kwa kisukari haumwonyi mwenyewe. Mchanga wa adhuhuri unamwunguza, kipande cha kombe kinamkata, na habari anaipata jioni akiona damu kwenye mkeka. Nchi kavu nako raba mpya inamchubua akiwa anaendelea kutembea na kupiga soga. Kwa sababu hiyo viatu ni lazima pande zote mbili: raba za kufunika vidole, zinazopitishwa mkono ndani kabla ya kuvaliwa, kwa sababu kijiwe kidogo kinatosha kumharibia mtu mwaka mzima. Wakitoka majini wanafutwa katikati ya vidole mpaka pakauke, fangasi zisipate pa kukaa, kisha mwenzako anakutazama nyayo na wewe unamtazama zake.

Mwenye kidonda haingii baharini, hata kiwe kidogo namna gani. Hapa nabishana na wazee wengi, maana pwani tumekua tukiambiwa maji ya chumvi yanakausha kidonda. Maji ya bahari yenye joto kama yetu yana bakteria wa jamii ya vibrio, na kwa mwenye kisukari wanaweza kupenya kwenye jeraha na kuliozesha kwa muda mfupi sana. Nimewaambia waziwazi kuwa hili sitalilegeza hata kwa anayenililia.

Fundi wa Chuda tumempeleka Raskazone, na raba zake, kwa sababu majini nyayo zinabeba uzito mdogo.

Februari. Maji yanavyobeba

Mtu akisimama maji yakamfika kiunoni, miguu yake inabeba kama nusu ya uzito wake. Yakimfika kifuani, kama theluthi. Yakimfika shingoni, kama sehemu moja ya kumi. Yule mama wa Makorora mwenye kilo 90 ana kilo 30 hivi juu ya magoti anaposimama kifuani. Siku ya kwanza aliinua goti mpaka usawa wa kiuno, akaliangalia, akalishusha, akaliinua tena bila kuambiwa. Alisema goti hilo lilikuwa halijafika hapo tangu alipomzika mumewe.

Faida nyingine ni kwamba maji yanampa kila mtu mzigo wake. Ukisukuma mkono kwa mwendo uliozidishwa mara mbili, ukinzani unaongezeka kama mara nne. Mwenye nguvu na asiye na nguvu wanasimama mstari mmoja, wanafanya zoezi moja, na kila mmoja anachoka kwa kiasi chake. Tangamano haliwezekani hilo kirahisi. Pale nahitaji chupa za nusu lita kwa huyu na za lita moja na nusu kwa yule, na kuna wazee wanaona haya kushika chupa ndogo mbele ya wenzao.

Mapigo ya moyo hatuyatumii kupima juhudi majini. Maji yanaubana mwili na kuirudisha damu kifuani, moyo unajaa vizuri zaidi na kupiga taratibu kuliko nchi kavu kwa kazi ileile. Anayefuata hesabu za mapigo za nchi kavu atawachosha wazee kupita kiasi. Kipimo chetu ni mdomo: uweze kuongea na jirani yako, usiweze kuimba. Na wakati wa kutoka, mtu anatoka polepole, anasimama kidogo maji yakiwa magotini, kwa sababu ule mbano ukiondoka ghafla presha inaweza kushuka, hasa kwa wanaomeza dawa za presha.

Suala la mavazi lilitumalizia muda kuliko nilivyotarajia. Dera likilowa linakuwa zito, na likiingia hewa linapanda juu, mama anabaki kulishikilia badala ya kufanya mazoezi. Wanawake wenyewe wakakubaliana: suruali, gauni linaloishia magotini lenye mikono mirefu, mtandio umefungwa nyuma. Wanawake wanaingia kwanza, wakitoka ndipo wanaume wanaingia. Bila makubaliano hayo nisingebaki na mama hata mmoja, na wasingekuwa na kosa.

Februari, kabla ya mfungo. Mwezi na maji

Mwenye bwawa la kuogelea anapanga ratiba kwa saa. Sisi tunapanga kwa mwezi.

Mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yetu ni bamvua. Kati ya kujaa na kupwa kuna zaidi ya mita 3. Siku hizo yanajaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, yanakupwa kama saa 4 asubuhi. Maana yake saa 1 asubuhi, saa inayowafaa wazee, maji yako katikati ya kukimbia. Ukianza yakiwa kifuani unamaliza dakika 45 baadaye yakiwa mapajani. Mama aliyeanza na theluthi ya uzito wake anamaliza amebeba zaidi ya nusu, tena amechoka, tena mkondo unamvuta miguu. Zoezi limebadilika chini yake bila mtu kulibadilisha.

Siku za maji mafu ndizo zetu. Kuanzia siku ya 8 hadi ya 11 hivi tangu mwezi uandame, na tena ya 22 hadi ya 25, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na asubuhi maji yanapanda taratibu kuelekea kujaa mnamo saa 4. Mtu akisimama kifuani anabaki kifuani. Wavuvi wa pale Deep Sea, hapa Tanga, walinieleza hili kwa vidole vya mkono kabla sijafungua jedwali lolote la maji, na jedwali likawaunga mkono. Kila siku saa ya maji inasogea kama dakika 50, kwa hiyo hata ndani ya siku zetu njema hatuna saa moja ya kudumu. Muuguzi wetu anaandika ratiba ya wiki mbili kwa mkono na kumpa kila mzee.

Ratiba hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi. Siku nne tano za maji, kisha karibu siku kumi bila maji, na nafuu ya zoezi inakwisha ndani ya saa 72. Ushauri wa kitabibu ni kwamba mwenye kisukari asipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi. Bahari yetu peke yake haitimizi sharti hilo.

Ramadhani

Kundi la bahari limehamia nchi kavu. Wazee wanaofunga hawataki kuingia majini mchana kwa hofu ya kumeza maji, na usiku baharini mimi siwapeleki. Sikujaribu kuwashawishi.

Zamu hii tunakutana baada ya futari, mazoezi mepesi, viti uani kwa mmoja wetu Ngamiani. Alasiri kuelekea magharibi hatugusi zoezi lolote zito, maana hapo ndipo sukari ya aliyefunga inaposhuka. Anayesali tarawehe tunaihesabu kuwa ni sehemu ya mazoezi yake ya siku: kusimama, kurukuu, kusujudu na kuinuka si kazi ndogo kwa mtu wa miaka 70.

Nimetumia nguvu nyingi kwenye mambo mawili. La kwanza, kutoboa kidole kupima sukari hakufunguzi. La pili, sukari ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita au juu ya 16.7, mtu anafungua hapohapo, hata ikiwa zimebaki dakika kumi adhana ya magharibi. Imamu wa msikiti wa jirani alilisema hili baada ya sala ya alasiri, likasikika kuliko nilivyolisema mimi mwezi mzima. Namshukuru sana. Kuna wazee wawili watatu ambao daktari wao aliwakataza kufunga kabisa, kwa sababu ya figo na insulini, na wamekubali kwa machozi. Hao tunakutana nao asubuhi, kimyakimya, ili wasijione wapweke.

Futari yenyewe mnaijua: mihogo ya nazi, viazi, tambi, kaimati. Sijamkataza mtu chakula cha mwezi mtukufu. Nimeomba vipunguzwe kwenye sahani na mtu atembee kidogo uani kabla ya kukaa kitako, kwa sababu misuli ikitumika muda mfupi baada ya kula, sukari haipandi sana.

Wakati huohuo nimeona jambo. Wale wa bahari, waliokuwa hodari majini, kitini walikuwa dhaifu. Mama wa Makorora alishindwa kuinuka bila kushika mikono ya kiti.

Mfunguo mosi. Saba, saba

Tumerudi Raskazone baada ya Idi, na maji mafu. Majini huwa tunahesabu kwa sauti, kila mmoja kwa zamu, moja mpaka kumi. Ilipofika zamu ya bibi wa Mabawa alihesabu vizuri mpaka sita. Kisha akasema saba. Akasema saba tena. Na tena saba, macho yakiwa kwenye meli iliyokuwa imetia nanga.

Nchi kavu ningeona jasho. Majini jasho halionekani, na mkono unaotetemeka unadhani ni mawimbi. Tukamshika kwapa zote mbili, tukamtoa bila kumwacha atembee peke yake, muuguzi akatoboa kidole: 3.2. Vijiko vitatu vya chai vya glukosi kwenye maji, akanywa mwenyewe. Baada ya dakika 15 tukapima tena, imepanda, ndipo akala mkate na chai. Alikuwa amemeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, alfajiri na kutoka bila kunywa chai kwa kuogopa kuchelewa maji.

Metformini, kidonge kingine cha kisukari, ikiwa peke yake ni nadra kumshusha mtu namna hiyo. Glibenklamidi na insulini zinaweza, na kwa wazee glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu. Tumeandika barua kwa daktari wake. Kubadilisha dawa ni kazi yake, yetu ni kumpa habari kamili.

Tangu siku hiyo kila anayeingia majini anapimwa kwanza. Aliye chini ya 5 na anatumia dawa hizo anakula kitu, anasubiri, anapimwa tena. Aliyezidi 14 na anajisikia vibaya, kiu kali au kichefuchefu, anakwenda kliniki. Makopo ya glukosi yanakaa ufukweni mkononi mwa mtu, si ndani ya begi. Na kuhesabu kwa sauti hakutaachwa kamwe, kwani ni sauti yake iliyotuambia.

Masika

Mvua zimetusukuma chini ya varanda. Kundi la Tangamano ndilo lililostahimili vizuri zaidi: kiti, ukuta na chupa mbili za maji unavipata popote.

Tumewapima wote kwa kiti. Mtu anainuka, anatembea mita 3, anageuka, anarudi, anakaa. Ikimchukua sekunde 12 au zaidi, tunamhesabu kuwa yuko katika hatari ya kuanguka. Wa Tangamano wengi wamepata wepesi. Wa bahari magoti yao yamepungua maumivu, wanalala vizuri, wanatamani kuja, lakini kwenye kugeuka bado wanayumba. Sikushangaa. Maji yanamshika mtu pande zote, hayamwachi aanguke, na hiyo ndiyo raha yake. Lakini nyumbani hakuna kinachomshika akikanyaga sakafu iliyolowa usiku akienda chooni. Mfupa nao unahitaji kubeba uzito ili ubaki imara, na uzito ndio hasa maji yanaouondoa.

Upande wa pili, Tangamano ndiko tulikopoteza watu. Waliokatika ni wenye magoti na wenye uzito mkubwa, wale wale ambao majini wangebaki. Mmoja nilimfuata nyumbani kwake Usagara. Hakuwa amekata tamaa na sukari, alikuwa amechoka kuumia. Sasa yuko Raskazone.

Juni. Mpango mpya

Makundi mawili tumeyavunja. Siku za maji mafu wote wanaoruhusiwa wanaingia baharini. Siku za bamvua wote wako Tangamano: kiti, kusimama mguu mmoja huku mkono ukiwa karibu na ukuta, kutembea kisigino kikigusa vidole, chupa. Katikati kuna mazoezi ya nyumbani ya dakika 15, ili mtu asipitishe siku mbili hivihivi. Wenye magoti mabaya hawatembei mbali siku za Tangamano, wanafanya yote kuzunguka kiti. Mama wa Makorora sasa anainuka kwa mkono mmoja.

Kusi imeingia na maji yamepoa. Wazee wembamba wanaanza kutetemeka mapema, na sitaki kutetemeka kwa baridi kuchanganywe na kule kwa sukari, kwa hiyo tumepunguza muda kuwa nusu saa na tunaacha kabisa siku yenye mawimbi ya kumpiga mtu kifuani. Fundi wa Chuda hajapata jeraha. Ganzi yake iko palepale, wala sikumwahidi kuwa itaondoka. Mkewe ndiye mkaguzi wa nyayo zake kila usiku, kwa tochi ya simu.

HbA1c ya pili tutaipima mwezi ujao, tukiwa tumeacha miezi mitatu kamili baada ya Ramadhani ili mfungo usiingie kwenye hesabu. Kinachotukwamisha kwa sasa ni stripu za kupimia sukari. Mpaka tupate nyingine, kipimo cha kabla ya kuingia majini hakipunguzwi kwa yeyote. Cha baada ya mazoezi tutakifanya kwa wanaotumia insulini na glibenklamidi, pamoja na yeyote atakayekosea kuhesabu.